Kubana taimingi za ramu hatua kwa hatua, na kwa nini testi ya usiku hapa Dar haitoshi

Haya wakuu, watu wengi wanakuja na mashine zao hapa Sinza wananiuliza swali lile lile, fundi nifanyeje gemu iache kukwamakwama bila kununua kadi mpya, au video zangu zitoke fasta kidogo, sa leo nimeamua niandike yote kwa pamoja. Ni kuhusu kubana taimingi za ramu, yani kuiambia ramu ipunguze muda inaoupoteza kati ya kuombwa data na kuitoa. Ni bure, hununui kitu, ila inataka subira na inataka uwe mkweli kwenye kutesti, maana ramu iliyobanwa kupita kiasi haikuambii kwamba inaumwa, inakuharibia mafaili kimya kimya alafu unakuja kushtuka miezi imepita.

Kwanza nani afanye na nani aache. Kama una leptop, nyingi BIOS zake, yani ile programu ya setingi za mashine unayoingia kabla ya Windows, hazikupi kabisa sehemu ya kubadili taimingi. Kama una zile desktopu za ofisini za mtumba, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, ambazo ndo zimejaa Kariakoo na Posta, nazo kwa kawaida hazikupi, usihangaike kutafuta BIOS ya magendo mtandaoni. We cha kukusaidia ni kuhakikisha una vipande viwili vya ramu badala ya kimoja, nitakieleza hapo chini. Na kama mashine ina ramu ya GB 4 na umefungua kroma tabu ishirini, tatizo lako ni nafasi, kubana taimingi hakuongezi nafasi hata kidogo, tafuta kipande kingine.

Wanaofaidi kweli ni wale wenye prosesa zenye grafiki za ndani kama Ryzen 3 3200G au Ryzen 5 5600G, kwa sababu hizo hazina memori yao ya grafiki, zinachota kwenye ramu ile ile inayotumiwa na Windows. Ramu ikiwa goigoi na gemu inakuwa goigoi. Hawa vijana wa gemu wenye bajeti ndogo karibu wote wako humu. Wengine ni wanaocheza gemu zinazoibana sana prosesa, na wanaokandamiza mafaili makubwa. Ukiwa na kadi ya grafiki ya nguvu na unacheza setingi za juu kabisa, utaona tofauti ndogo, nisikudanganye.

Upande wa Intel kuna kitu watu hawajui mpaka wameshanunua. Mabodi (yani mazabodi) ya H310, B360, H410, B460 na H510 hayakuruhusu kupandisha ramu juu ya spidi rasmi ya prosesa, hata ununue ramu ya 3600 itashushwa. Zamani ilikuwa mpaka uwe na bodi ambayo jina lake linaanza na Z. B560 na H570 za mwaka 2021 ndo zikafungua hiyo kitu. AMD wao, wenye hizo Ryzen, hata bodi ya B450 ya kawaida inakuruhusu kuchezea karibu kila namba.

HATUA YA 1: ANDAA MAZINGIRA

Bakapu. Naanza na hii na sitaki uiruke. Mafaili ya kazi, picha za familia, kila usichotaka kukipoteza kiweke kwenye diski ya nje alafu ichomoe kabisa. Ukiiacha imechomekwa na ramu ikaanza kukosea, na hiyo bakapu inaandikwa makosa.

Tafuta flashi ya GB 4 au 8, weka MemTest86, programu ya kutesti ramu, ni ya bure na inajiwasha yenyewe kabla ya Windows. Kwenye Windows weka CPU-Z ya kusoma namba za ramu, HWiNFO ya kusoma joto na 7-Zip ya kukandamiza mafaili, na kama ni Ryzen weka ZenTimings ya kusoma taimingi, zote ni ndogo, bando la siku linatosha. TestMem5, inayotesti ramu ndani ya Windows, nayo itakuja kuhitajika.

Kama una UPS tumia. Umeme ukikatika katikati ya testi kawaida haidhuru bodi, ila unapoteza masaa, na ukikatika Windows ikiwa inaandika kitu ndo hapo unaanza kupata matatizo ambayo utashindwa kujua ni ramu au ni umeme. Na wakati huu usiapdeti BIOS siku ambayo mtaa wenu umeme unacheza, hiyo ndo inaweza kuiua bodi kweli.

Alafu fungua kava la kesi, angalia bodi yako inafutwaje setingi za BIOS. Tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC au CLR_CMOS, na ile betri ya duara CR2032 kama ya saa. Zijue zilipo SASA kabla hujaharibu chochote, usingoje skrini iwe nyeusi ndo uanze kutafuta kwa tochi ya simu.

Ukiwa umeshafungua, zima ukutani, chomoa ramu, angalia zile kucha za dhahabu chini yake. Kwa hewa yetu hii ya pwani yenye unyevu na chumvi, mashine iliyokaa miaka miwili utakuta kucha zimefifia, zina kama ukungu wa kahawia. Chukua kifutio cha penseli kile cheupe laini, sugua taratibu kwa kwenda upande mmoja, futa vumbi la kifutio kwa brashi kavu, rudisha hadi masikio yabane kwa mlio. Nimeshaona mashine ambayo mwenyewe alidhani ramu yake haiwezi 3200 kabisa kumbe ni uchafu tu.

Na kama una vipande viwili kwenye bodi yenye sloti nne, viweke sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Watu wengi wanaviweka viwili vya mwanzo vimebanana, hapo mara nyingi unabaki na chaneli moja, yani njia moja ya data kati ya ramu na prosesa badala ya mbili. Hesabu yake iko hivi, ramu ya 3200 kwenye chaneli moja inapitisha mpaka GB 25.6 kwa sekunde, chaneli mbili ni GB 51.2. Hakuna taiming yoyote duniani utakayobana ikakupa kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo mwenye kipande kimoja, acha kwanza haya mengine, nenda kanunue cha pili, ikiwezekana namba ile ile iliyoandikwa kwenye stika ya cha kwanza, maana ukichanganya, vyote vinakimbia kwa spidi ya kile kizembe.

HATUA YA 2: JUA ULIPO

Fungua CPU-Z nenda kwenye Memory. Utaona frikwensi, hiyo zidisha mara mbili, ikisema 1333 ujue ni 2666, ikisema 1600 ni 3200. Usishtuke ukadhani umetapeliwa dukani, DDR maana yake inapeleka data mara mbili kwa kila pigo, ndo maana.

Chini yake kuna namba kama 16-18-18-38. Kabla hujazigusa inabidi uzielewe, na hapa nitakaa kidogo.

Chukulia ramu ni stoo ya ghorofani Kariakoo yenye vyumba vingi, na prosesa ni tajiri yuko dukani chini anamtuma dogo mzigo. Dogo akifika kwanza anafungua chumba, muda wa kufungua ndo tRCD. Chumba kikiwa wazi, muda wa kuutoa mzigo mpaka uanze kufika mkononi kwa tajiri ndo CL, ile namba ya kwanza. Tajiri akitaka mzigo wa chumba kingine cha korido ile ile lazima hiki kifungwe kwanza, muda wa kufunga ndo tRP. Na ile namba kubwa ya mwisho, tRAS, ni muda mchache kabisa ambao chumba lazima kikae wazi kabla ya kufungwa, maana kusoma kwenye ramu kunamwaga chaji ya safu nzima na lazima irudishwe ndo ufunge. Ukifunga mapema, kilichorudishwa ndani sicho.

Sasa hizo namba ni mapigo, sio muda wenyewe, na hapa ndo wengi wanapigwa wakienda kununua. Pigo la ramu ya kasi ni fupi kuliko pigo la ramu ya taratibu. Kupata muda halisi kwa nanosekunde, chukua CL zidisha kwa 2000 gawanya kwa spidi. Ramu ya 3200 CL16 ni 10. Ramu ya 3600 CL18 ni 10 vile vile. Ya 2400 CL17 ni kama 14.2. Ya 3200 CL22, zile za kawaida za kijani zisizo na kava, ni 13.75. Ramu ya DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, ya 6000 CL30 ni 10, na DDR5 ya 4800 CL40 ni 16.7. Umeona hapo? Mtu anaona CL30 anasema mbona kubwa, kumbe ni sawa na CL16 ya mwenzake, na juu ya hapo inapitisha mzigo mwingi zaidi kwa mkupuo.

Chukua karatasi uandike namba zako zote za mwanzo. Alafu fungua 7-Zip, kuna benchimaki ndani yake, iendeshe mara tatu uandike matokeo. Naipenda hiyo kwa sababu upande wa kukandamiza unategemea sana latensi ya ramu, yani ule muda wa kungoja data, kwa hiyo ukibana kitu cha maana inaonekana. Na gemu yako unayoicheza kila siku, andika FPS (picha ngapi kwa sekunde) ukiwa sehemu ile ile. Bila karatasi utakuja kudhani imeongezeka kisa unatamani iongezeke.

HATUA YA 3: WASHA PROFAILI KWANZA

Ingia BIOS kwa Del au F2. Kwa ASUS utakuta kwenye Ai Tweaker, MSI kwenye OC, Gigabyte kwenye Tweaker, ASRock kwenye OC Tweaker. Tafuta XMP, ndo profaili ya spidi na taimingi ambayo kiwanda kimeiandika ndani ya ramu, kwa ASUS za AMD inaitwa DOCP, DDR5 za AMD inaitwa EXPO. Iwashe, sevu, toka.

Kiukweli nusu ya mashine ninazoletewa zinaishia hapa. Mtu amelipia ramu ya 3200 ya bei, miaka miwili inakimbia 2133 au 2400 kwa sababu bodi ikitoka dukani inaanzia kwenye spidi ya usalama na hamna aliyemwambia. Ile kuwasha tu XMP unapanda kutoka GB 38.4 za 2400 mpaka 51.2 kwa sekunde kwenye chaneli mbili, na latensi inashuka humo humo. Mwenye 5600G anaiona bila hata kupima.

Ila XMP nayo ni ovakloki, yani kukimbiza kitu zaidi ya spidi rasmi, inapandisha volteji ya DDR4 kutoka 1.2 mpaka 1.35 mara nyingi, kwa hiyo nayo inatestiwa kama nitakavyoeleza hatua ya 6. Ikikataa kwenye XMP hapo hapo, shusha spidi ngazi moja uone, Ryzen za zamani za 1000 na hata 3200G mara nyingi hazipendi kuvuka sana 3200.

Ukitaka kwenda juu zaidi kwa Ryzen 3000 (toa zile za G kama 3200G) na 5000, lenga 3600 na FCLK, yani spidi ya njia ya data ya ndani ya prosesa, uiweke 1800 ili viende sawa kwa sawa. Ukipandisha ramu hadi FCLK ikaachwa nyuma, vinaachana mwendo na latensi inaruka juu, unaona namba kubwa kwenye skrini alafu gemu imeshuka. Tafuta spidi kwanza, ikitulia ndo ubane taimingi. Usifanye vyote kwa pamoja.

HATUA YA 4: NAMBA NNE ZA MBELE

Sheria ni moja, BADILI KITU KIMOJA, washa, testi fupi (iko hatua ya 6), andika, ndo uende kingine. Najua inachosha. Ila ukibadili vitano mashine ikakataa, utakuwa hujui nani kakuangusha na unaanza upya.

Anza na CL. Kama ni 16 jaribu 15 au 14. Kwa AMD ujue kitu hiki, kama setingi ya Gear Down Mode imewashwa, CL isiyogawanyika kwa mbili inapandishwa yenyewe kimya kimya, utaandika 15 nayo itakimbia 16, kwa hiyo shuka kwa mbili mbili au hakiki kwenye ZenTimings. CL inasikia volteji, 1.35 ikikataa, 1.38 au 1.40 inaweza kukubali. Mi kwa ramu ya DDR4 ya mtu wa kawaida, kwa joto la hapa, siivuki 1.40 hata aniombe. Kuna ramu ambazo kiwandani zimepimwa 1.45 na zaidi na zinakaa vizuri, ila hizo unakuta kesi yake ina hewa na mwenyewe ana kiyoyozi.

Baada ya CL nenda tRCD. Hiyo ni bishi, ramu nyingi zenye chipu za Hynix na Micron ikifika mahali haishuki hata uongeze volteji, usilazimishe, iache. tRP kawaida inashuka kirahisi kidogo. tRAS we weka jumla ya CL na tRCD kwa kuanzia alafu shusha pole pole, na tRC, yani mzunguko mzima wa kufungua na kufunga chumba, iwe tRAS ujumlishe tRP. Hizi mbili faida yake sio kubwa kivile, usizipotezee usiku mzima.

HATUA YA 5: HUKU NDO KWENYE UTAMU, NA NDO KWENYE HATARI

Watu wengi wanabana zile nne wanaacha, wakati XMP mara nyingi inaziacha zile za ndani zikiwa legevu sana.

tRRD_S, tRRD_L na tFAW ni kuhusu dogo wetu anaruhusiwa kufungua vyumba vingapi vya korido tofauti kwa kufuatana. Bodi nyingi zinaweka namba kubwa. Ramu nyingi nzuri za DDR4 zinakubali 4, 6 na 16 kwa mpangilio huo, zikikataa jaribu 6, 8 na 24. tFAW haina maana kuishusha chini ya tRRD_S mara nne.

Sasa tRFC. Ndani ya ramu kila biti imehifadhiwa kama chaji kwenye kapasita ndogo mno, na kapasita hiyo inavuja, ni kama ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo kila baada ya muda ramu inasimamisha kazi, inapita kuzijaza ndoo upya. Kwenye DDR4 hiyo ni kila maikrosekunde 7.8 kwa wastani. Muda ambao stoo inafungwa kwa ajili ya kujaza ndo tRFC. Kwa chipu za gigabiti 8 kiwango rasmi ni nanosekunde 350, ambayo kwa spidi ya 3200 ni mapigo 560, kwa 3600 ni 630. Wakati huo wote prosesa inangoja. Ndo maana ukiishusha hii unaona 7-Zip inasogea na gemu inaacha vile vikwamo vidogo vidogo.

Inashuka kiasi gani inategemea aina ya chipu iliyo kwenye ramu yako. Samsung B-die zinaweza kwenda hata chini ya nanosekunde 180 ukiipa volteji, Micron E-die nyingi zinagomea karibu na 300, Hynix CJR ziko katikati. Kubadili kuwa mapigo, zidisha nanosekunde kwa spidi gawanya kwa 2000, kwa hiyo 300 kwenye 3200 ni mapigo 480. Shuka kwa mapigo 20, testi, shuka tena. Ikianza kukosea rudi juu kwa mapigo 40, sio 20. Hiyo 40 ina sababu, naieleza sasa hivi.

Ndoo inavuja zaidi kukiwa na joto. Hii sio maneno ya mafundi, hata kwenye viwango vya DDR4 imeandikwa kwamba chipu ikivuka nyuzi 85 inatakiwa ijazwe mara mbili zaidi, kila maikrosekunde 3.9. Chini ya hapo ramu ya setingi za kiwandani haina shida, ila ramu uliyoibana mpaka mwisho haina tena ile nafasi ya ziada, nyuzi kumi tu zinatosha kuiangusha.

Mwaka fulani kipindi cha masika nilimtengenezea mashine kaka mmoja anayerekodi maharusi huko Tabata. Nikabana ramu yake vizuri, tRFC nikaishusha mpaka ilipogoma, nikarudi juu kidogo tu. Nikatesti kuanzia saa nne usiku, mvua inanyesha nje, kesi iko wazi mezani kwangu, feni ya dari inazunguka. Asubuhi hamna kosa hata moja, nikampa. Januari akanipigia simu. "Fundi, mafaili ya sendofu hayafunguki." Sio yote, baadhi ya zile folda alizozikandamiza kuzihifadhi, ukifungua inasema faili limeharibika. Alishazifuta kwenye kadi za kamera maana aliamini ziko salama kwenye diski.

Nikamfuata huko huko. Chumba cha bati, dirisha linatazama magharibi, kesi iko chini ya meza imesukumwa mpaka ukutani. Nikawasha TestMem5 saa nane mchana bila kugusa kitu. Dakika ishirini hazikuisha, makosa mawili. Nikaenda BIOS, tRFC juu mapigo 40, nikarudia mchana ule ule, safi. Nikarudia kesho yake mchana, safi. Kilichokuwa kimepona usiku wa mvua hakikupona mchana wa Januari. Zile folda chache za ile sendofu hatukuzipata, nikamrudishia pesa yake ya ufundi, na toka siku hiyo sijamkabidhi mtu mashine ambayo sijaitesti mchana.

Intel na AM5 (bodi za Ryzen mpya zinazotumia DDR5) zina kingine kinaitwa tREFI, hicho ni kile kipindi cha kati ya kujaza na kujaza, 12480 kwa DDR4 ya 3200. Huku ukubwa ndo kasi, na utakuta watu wa nchi za baridi wanaiweka 65535 moja kwa moja. Usiige. Mwenye kiyoyozi kinachowaka muda wote apandishe taratibu, wengine iacheni kama ilivyo, kasi unayoipata haifanani na hasara.

HATUA YA 6: TESTI YA KWELI

Testi fupi kati ya hatua na hatua, raundi moja ya TestMem5 inatosha kujua uendelee au urudi. Ukimaliza kubana vyote ndo testi kubwa, nayo ina sehemu mbili.

Usiku, chomeka flashi, iache MemTest86 imalize raundi zote nne. Hiyo unaifanya nje ya Windows ili ramu ikiwa mbovu sana isikuharibie Windows yenyewe.

Mchana, saa saba mpaka saa kumi, funga kava la kesi, irudishe pale pale inapokaa siku zote, zima feni inayokupepea we kama inaipepea na mashine, washa TestMem5 na kama una kadi ya grafiki washa na kitu cha kuichemsha kwa pembeni, maana ile hewa ya moto ya kadi inapanda moja kwa moja kwenye ramu. Fungua HWiNFO, ramu nyingine zina kipima joto utakiona kimeandikwa DIMM. Mi ikivuka 50 na nimebana sana, naanza kulegeza hata kama makosa hayajatokea. Kama mashine inakaa ofisini kwenye kiyoyozi bado itesti bila kiyoyozi, siku kikiharibika usije ukajua kwa njia mbaya.

Kosa moja ni kufeli. Watu wananiambia fundi ni kosa moja tu kwa masaa matatu. Hilo moja linaweza kuangukia kwenye pikseli ya video usilione kamwe, au likaangukia kwenye faili la hesabu za ofisi. Legeza ngazi moja urudie. Na ukianza kuona kroma inajifunga yenyewe, faili la zip linagoma, skrini ya bluu yenye maneno ya MEMORY, usibishane nalo, rudi kwenye karatasi yako.

IKIGOMA KUWAKA

Usikurupuke kuchomoa umeme. Bodi inapojifunza ramu upya inaweza kujizima na kujiwasha mara tatu nne yenyewe, nyingi zikishindwa zinarudi kwenye setingi za mwanzo. DDR5 ndo zaidi, AM5 mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa skrini nyeusi kabisa, watu wanarudisha bodi dukani wakisema imekufa kumbe bado inajifunza. Mpe dakika kumi.

Ikishindikana kweli, zima ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili kumaliza umeme uliobaki, chukua bisibisi bapa gusisha zile pini mbili za CLRTC kwa sekunde kumi, au chomoa betri ukae dakika tano uirudishe. Washa. Itakuambia setingi zimefutwa, ingia uweke upya zile za mwisho zilizokubali, ambazo ziko kwenye karatasi. Ndo maana nilisema uandike. Ikigoma hata hapo, acha kipande kimoja tu kwenye sloti ya pili ujaribu.

UKIMALIZA

Rudia 7-Zip mara tatu na gemu ile ile, linganisha na karatasi. Kama kitu ulichokibana hakijasogeza namba yoyote, kilegeze tu, hakuna sababu ya kukaa ukingoni kwa kitu kisicholipa.

Sevu profaili ndani ya BIOS, ila ujue ukiapdeti BIOS mara nyingi profaili zinafutika. Kwa hiyo mi nachukua ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, naibandika ndani ya kava la kesi, naandika kwa kalamu ya wino mzito spidi, volteji, zile namba nne, tRRD zote, tFAW, tRFC, na tarehe niliyotesti mchana. Kesi ya yule kaka wa Tabata ina tepu mbili, ya chini ina mstari wa kukatwa kwenye tRFC, ya juu ina ile iliyoongezwa 40.